Mteremko Usiopandika

Ukitoka Tanga mjini kuelekea Muheza, mkonge unakufuata pande zote mbili za barabara. Jani hukatwa, likapelekwa korona, yaani kiwanda cha kukamulia mkonge, likakamuliwa mpaka zikabaki singa. Singa huanikwa, hupigwa brashi, zikasokotwa kuwa nyuzi, na nyuzi nazo zikasokotwa kuwa kamba. Mtu wa korona anajali urefu wa singa, weupe wake na unyevu wake. Nahodha anayekuja kuinunua kamba hiyo bandarini hana habari na hayo. Anauliza unene, na anauliza itabeba uzito gani kabla haijakatika. Mambo chungu nzima yaliyokuwa na maana kiwandani yamepotelea njiani, yamebaki mawili.

Kamba hii inaeleza vizuri nusu ya jambo ninalotaka kulizungumza: kwa nini nadharia za fizikia, tukizitazama kutoka karibu kwenda mbali, huteremka upande mmoja tu, bila kupanda tena. Nusu ya pili inalipotosha kabisa, na huko ndiko kwenye utamu.

Tuanze na nusu inayofaa. Nadharia ya uga wa kwanta, ambayo ndiyo lugha ya fizikia ya chembe, huja na viwango vyake: chaji, tungamo, nguvu ya mwingiliano kati ya chembe na chembe. Mtu akisoma fizikia ya sekondari anadhani viwango hivyo ni vilevile siku zote. Sivyo. Vinategemea unaangalia kwa ukaribu gani. Nguvu ya umeme, ikipimwa kwa umbali tuliouzoea, hupewa kipimo cha takribani 1/137. Ikipimwa kwa ukaribu mkubwa sana, kwenye nishati ya gigaelektronivolti 91 hivi, ambayo ndiyo tungamo la chembe iitwayo Z iliyochunguzwa kwa miaka kwenye maabara ya CERN huko Geneva, kipimo hicho hupanda hadi takribani 1/128. Sababu yake ni kwamba ombwe si tupu. Jozi za elektroni na positroni, yaani pacha wa elektroni mwenye chaji chanya, huibuka na kutoweka kuizunguka chaji, zikaifunika, na kadiri unavyopenya ndani ya hilo wingu ndivyo chaji inavyoonekana kubwa. Nguvu inayoshikilia kwaki, chembe ndogo zinazounda protoni, ndani ya protoni hufanya kinyume: kwa karibu hulegea, kwa mbali hukaza. Hilo walilionyesha David Gross, Frank Wilczek na David Politzer mwaka 1973, na likawapa Tuzo ya Nobel mwaka 2004.

Chombo cha kufuatilia mabadiliko haya, skeli baada ya skeli (skeli ni ukubwa wa umbali unaotazamia), huitwa kundi la renomalizesheni. Mizizi yake iko kwenye kazi za miaka ya 1953 na 1954 za Stueckelberg na Petermann, kisha Gell-Mann na Low. Lakini aliyekipa maana tunayoitumia leo ni Kenneth Wilson, kuanzia mwaka 1971, akijenga juu ya wazo ambalo Leo Kadanoff alilitoa mwaka 1966: chukua sumaku, zikusanye spini zake, yaani sumaku ndogondogo za atomi, kwenye vifurushi, kila kifurushi kikihesabiwa kama spini moja kubwa, kisha uliza vifurushi vinaingilianaje. Rudia. Rudia tena. Kila duru unasogea mbali hatua moja, na viwango vya nadharia vinabadilika. Mabadiliko hayo ndiyo mtiririko. Wilson alipata Tuzo ya Nobel peke yake mwaka 1982.

Kuanzia hapa nitasema “juu” nikimaanisha ukaribu na nishati kubwa, na “chini” nikimaanisha umbali na nishati ndogo. Mtiririko unatoka juu kwenda chini. Na tafadhali, mtiririko huu hauhusiani na wakati. Hakuna kinachotokea leo na kingine kesho. Ulimwengu ni uleule, kinachobadilika ni umbali unaoutazamia. Wengi hujikwaa hapa mapema, wakadhani tunazungumzia kuzeeka kwa ulimwengu.

Mtiririko huwa na mahali pa kutulia. Kuna nadharia ambazo ukizitazama kwa karibu au kwa mbali ni zilezile, hazina skeli ya kwao. Tuziite nukta tuli. Maji yaliyofungiwa chomboni na kupashwa moto hadi nyuzi 374 za Selsiasi, chini ya shinikizo la takribani angahewa 218, hufika mahali ambapo tofauti kati ya kimiminika na mvuke hutoweka. Hapo mabadiliko ya msongamano hutokea kwa kila ukubwa kwa pamoja, matone ndani ya matone, na huwezi kusema tone la kawaida lina ukubwa gani. Ajabu ni kwamba namba zinazoeleza hali hiyo ni zilezile kwa maji na kwa sumaku za aina fulani ambazo hazina hata chembe moja ya maji. Mitiririko miwili iliyoanza mbali mbali imeishia kwenye nukta moja.

Sasa swali. Kama nadharia fulani juu ni nukta tuli A, na kwa mbali inaishia nukta tuli B, je, inawezekana kwingineko kuwe na mtiririko unaoanza B ukaishia A? Au mtiririko unaozunguka, ukarudi pale ulipoanzia?

Wengi hujibu haraka: haiwezekani, kwa sababu tukisogea mbali tunapoteza habari. Kamba haiwezi kukuambia singa zake zilitoka shamba gani. Jibu hili limo kwenye vitabu vingi vya utangulizi, na mimi silipendi. Kijana mmoja wa kidato cha sita hapa Tanga aliniwekea pingamizi ambalo walimu wa vyuo wangepaswa kulisikia: “Lakini mwalimu, si umesema 1/137 inakuwa 1/128? Kama wanaweza kukokotoa hivyo, basi wamekwenda kinyume na mtiririko. Wamepanda.”

Ana haki. Milinganyo ya mtiririko ni milinganyo ya kawaida. Ukijua viwango vya chini kwa usahihi, unaweza kuikokotoa kwenda juu, na ndivyo inavyofanyika kila siku. Kukusanya spini kwenye vifurushi kunapoteza habari, ni kweli, lakini upotevu huo ni wa njia yetu ya kuhesabu. Hausemi chochote kuhusu nani yuko juu ya nani kati ya A na B. Hapa kamba inatuacha.

Na kuna ushahidi mkali zaidi kwamba kupoteza habari peke yake hakutoshi. Mwaka 1970 Vitaly Efimov, mwanafizikia wa iliyokuwa Umoja wa Kisovyeti, alionyesha kwamba chembe tatu zinazovutana kwa namna fulani, kila mbili zikiwa ukingoni mwa kushikana, hutengeneza mfululizo usioisha wa hali za kushikana. Kila hali ni kubwa kuliko iliyotangulia kwa mara 22.7 hivi, kisha nyingine mara 22.7 tena, na kuendelea. Mwaka 2006 kundi la watafiti wa Innsbruck, Austria, liliziona dalili zake kwenye gesi ya atomi za sesiamu iliyopozwa karibu na sifuri kamili. Kwa lugha ya renomalizesheni, huu ni mtiririko unaozunguka: ukisogea mbali mara 22.7 unarudi kwenye viwango vilevile ulivyoanza navyo. Njiani umewekea pembeni undani wote wa umbali mdogo, kama ilivyo desturi, na bado umerudi ulipotoka.

Kwa hiyo mzunguko upo duniani, umepimwa. Kama nadharia za uga wa kwanta hazizunguki, lazima kuwe na kitu ndani yake ambacho atomi za Efimov hazina. Kitu hicho kipo. Atomi zile zinakwenda polepole mno, na nadharia inayozieleza haimjali Einstein. Nadharia za uga wa kwanta tunazozizungumzia zinashikilia mambo mawili kwa pamoja: uhusianifu wa Einstein, na sharti kwamba uwezekano wa tukio lolote hauwi hasi na uwezekano wote ukijumlishwa unakuwa moja. Kutoka kwenye ndoa ya masharti hayo mawili ndimo mteremko usiopandika unamozaliwa. Kusahau hakumo.

Wa kwanza kulithibitisha alikuwa Alexander Zamolodchikov, mwaka 1986, kwa ulimwengu wenye dimensheni mbili: moja ya mahali na moja ya wakati. Makala yake ilikuwa fupi mno kwa uzito wa ilichobeba. Alionyesha kwamba kwa kila nadharia ya aina hii inawezekana kutengeneza namba, tuiite c, inayobadilika mtiririko unavyoendelea, na namba hiyo haipandi kamwe. Inashuka, au inatulia. Inatulia kwenye nukta tuli tu, na hapo inalingana na namba ambayo wanahisabati na wanafizikia walikuwa wanaijua tayari kwa njia nyingine.

Kwenye nukta tuli, c inahesabu vitu. Uga mmoja huru, usioingiliana na kitu, wa kibosoni (jamii ya fotoni) una c sawa na 1. Mbili zisizohusiana zina 2. Unaweza kuiona kwenye joto: mfumo wa dimensheni moja ya mahali ukipashwa hadi halijoto fulani hubeba nishati inayolingana na c moja kwa moja. Lakini c haihesabu kwa namba kamili tu. Sumaku ya Ising ya bapa, ambayo kila spini yake huelekea upande mmoja kati ya miwili tu, ikiwa kwenye mpito wake, ina c ya 1/2. Ndugu yake aliye juu kidogo, ambaye ni sumaku ileile iliyochanganywa na nafasi tupu hadi mipito miwili ikakutana, ana 7/10. Baada yake kuna 4/5, kisha 6/7, ngazi isiyoisha inayoikaribia 1 bila kuifikia. Ukiigusa kwa namna inayofaa nadharia yenye 7/10, inateremka hadi ile yenye 1/2. Ukiigusa ile yenye 1/2 kwa joto, inateremka hadi sifuri, ambapo hakuna kilichobaki cha kutikisika. Mtiririko wa kutoka 1/2 kwenda 7/10 haupo, na huhitaji kujaribu milinganyo yote ya dunia kujiridhisha. Namba mbili zinatosha.

Uthibitisho wake naueleza bila hesabu, kwa sababu unaonyesha wazi chanzo kiko wapi. Katika kila nadharia kuna kitu kinachopima jinsi nadharia inavyopinga kubadilishwa skeli. Wenyewe hukiandika kwa herufi ya Kigiriki Θ. Kwenye nukta tuli Θ ni sifuri, kwa kuwa hapo hakuna cha kupinga. Zamolodchikov alitengeneza c kutokana na jinsi nishati na msukumo wa mahali pamoja unavyohusiana na wa mahali pengine, umbali wa r. Uhifadhi wa nishati na uhusianifu vikamlazimisha kupata jibu moja: r ikiongezeka, c inapungua kwa kiasi kinachotokana na uhusiano wa Θ ya hapa na Θ ya pale. Na uhusiano wa kitu na nakala yake yenyewe, katika nadharia ambayo uwezekano hauwi hasi, ni kama mraba wa namba. Haushuki chini ya sifuri. Basi c inapungua. Ukiruhusu uwezekano hasi, kama zinavyofanya baadhi ya nadharia za kihisabati zinazotumika kwenye maswali mengine, theoremu inakufa papo hapo na c inaweza kupanda.

Dimensheni mbili ni nzuri, lakini sisi hatukai humo. Mwaka 1988 John Cardy alipendekeza kinachopaswa kuchukua nafasi ya c katika dimensheni nne, tatu za mahali na moja ya wakati. Kwa nini ilihitajika pendekezo? Kwa nini isihesabiwe joto tu, kama kwenye dimensheni mbili? Kwa sababu joto linadanganya, na mfano wake ni mzuri mno kuuruka. Chukua ulimwengu wa dimensheni tatu, mbili za mahali na moja ya wakati, wenye nyuga N zinazofanana, N ikiwa kubwa. Uweke kwenye nukta ya mpito kati ya hali yenye mpangilio na isiyo na mpangilio. Mwaka 1993 Subir Sachdev alikokotoa joto la nukta hiyo akakuta ni kama la nyuga huru zilizo 4/5 ya N. Sasa sogeza kidogo kuelekea upande wa mpangilio. Kinachobaki chini ni mawimbi ya nyuga huru N kutoa moja. Weka N iwe 100: juu joto linahesabu 80, chini linahesabu 99. Hesabu imepanda! Mtu aliyezoea kudhani kwamba “vitu vinapungua tukisogea mbali” anabaki kakodoa macho. Vitu vinavyopungua vipo, ila si kila njia ya kuvihesabu inafaa.

Namba ya Cardy, iitwayo a, hutokana na jinsi nadharia inavyoitikia pale mahali-wakati penyewe panapopindwa, mfano pakifungwa kuwa tufe la dimensheni nne. Kwa nyuga huru inajulikana kwa ukamilifu. Ukichagua kipimo ambacho uga rahisi kabisa, wa aina ya Higgs usio na mwelekeo, ni 1, basi fermioni (jamii ya elektroni na kwaki) ya Weyl, yaani nusu ya elektroni tuseme, ni 5.5, na uga wa aina ya fotoni ni 62. (Namba 62 ina historia yake huku kwetu. Inasimuliwa kwamba Richard Hindorf alipoleta mkonge mwaka 1893, miche iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62. Hakuna uhusiano wowote, ila mtu wa Tanga haisahau tena.)

Kwa namba hizo tatu mtu anaweza kuupima ulimwengu wake mwenyewe kwenye kipande cha karatasi. Chukua Modeli Sanifu, nadharia ya chembe zinazojulikana, kwenye nishati kubwa ambapo tungamo za chembe ni kama hazipo, na tuhesabu kana kwamba chembe haziingiliani, kwa makadirio. Nyuga za nguvu ziko 12: gluoni nane, ambazo ndizo zinazobeba nguvu ya kushikilia kwaki, tatu za nguvu dhaifu, na moja zaidi. Mara 62, tunapata 744. Fermioni za Weyl ni 15 kwa kila familia, familia tatu, jumla 45, mara 5.5 ni 247.5. Uga wa Higgs una sehemu nne: 4. Jumla 995.5. Sasa teremka. Higgs, pamoja na W na Z wanaobeba nguvu dhaifu, wana tungamo kubwa, wanatoka mchezoni. Kwaki na gluoni zinafungwa ndani ya protoni na wenzake. Elektroni inatoka tukishuka chini ya tungamo lake. Tukiweka kando neutrino, chembe nyepesi mno zisizo na chaji, na graviti, mwisho kabisa anabaki fotoni peke yake: 62. Kutoka karibu elfu moja hadi 62, na hakuna hatua njiani iliyopanda.

Hatua ya kwaki kufungwa ndiyo inayonivutia zaidi, kwa kuwa hapo hakuna anayeweza kukokotoa kwa kalamu kinachotokea katikati. Tuseme kuna kwaki mbili tu, zisizo na tungamo. Juu kuna gluoni nane, 496, na kwaki mbili zenye “rangi” tatu tatu (rangi ni jina tu la chaji ya nguvu hiyo), ambazo zinaleta 66. Jumla 562. Chini zinatokea pioni tatu, chembe nyepesi zilizoundwa na kwaki, kila moja 1. Kutoka 562 hadi 3. Lakini namba ya kwaki ukiiongeza, pioni zinaongezeka kwa mraba: kwaki 16, ambazo ndizo nyingi kuliko zote zinazoruhusiwa kabla nguvu hiyo haijaacha kulegea kwa karibu, zingetoa pioni 255 kama nazo zingefungwa. Mraba unakua haraka, na mtu anaweza kuhofu kwamba utaipita jumla ya juu. Jumla ya juu wakati huo ni 1024. Haikupitwa.

Mifano ya namna hii ilirundikana kwa zaidi ya miaka 20 bila uthibitisho. Hesabu zote zilikubali, lakini hakuna aliyeweza kusema kwa nini lazima zikubali. Uthibitisho ulikuja mwaka 2011, kutoka kwa Zohar Komargodski na Adam Schwimmer wa Taasisi ya Weizmann huko Israeli, na ulipokuja ulikuwa na wepesi wa kutia wivu. Waliiongezea nadharia chembe ya kubuni, dilatoni, inayoshikana kidogo mno na vitu vingine na ambayo kazi yake ni kufidia mabadiliko ya skeli. Kuna hesabu inayopaswa kulingana juu na chini. Kama a ya juu na a ya chini zinatofautiana, tofauti lazima ibebwe na mtu, na anayeibeba ni dilatoni. Sasa zigonganishe dilatoni mbili kwa nishati ndogo. Nguvu ya mgongano huo inalingana na a ya juu kutoa a ya chini. Lakini nguvu hiyohiyo inaweza kuandikwa kwa njia nyingine, kama jumla ya uwezekano wa dilatoni mbili kuzalisha kitu chochote kile, kwa kila nishati. Uwezekano hauwi hasi. Basi a ya juu ni kubwa kuliko a ya chini.

Utaona kwamba ni wazo lilelile la Zamolodchikov limevaa nguo nyingine. Ombwe likiguswa, jambo fulani linaweza kutokea, na uwezekano wa jambo hilo si chini ya sifuri. Hakuna aliyetaja kusahau.

Hata hivyo, kwa dimensheni tatu mbinu hizi zote mbili hukwama, maana huko hakuna namba kama c wala a inayotokana na kupinda kwa mahali-wakati. Mwaka uleule wa 2011 Daniel Jafferis, Igor Klebanov, Silviu Pufu na Benjamin Safdi walipendekeza namba waliyoiita F, inayosomwa kutoka kwenye nadharia iliyofungwa juu ya tufe la dimensheni tatu. Kwa uga mmoja huru usio na mwelekeo, F ni takribani 0.0638. Namba ya ajabu, isiyo kamili wala sehemu, na ndiyo inayofaulu pale joto lilipofeli: kwenye ule mfano wa nyuga N, F inashuka kama inavyotakiwa.

Uthibitisho wa F ulitoka upande ambao wengi hawakuutazamia. Huko Bariloche, Argentina, Horacio Casini na Marina Huerta walikuwa wameshaonyesha mwaka 2004 kwamba theoremu ya Zamolodchikov inaweza kupatikana kwa kutumia entropia ya mfungamano wa kikwanta. Ombwe la uga wa kwanta limefungamana: sehemu moja ya mahali haijitegemei na sehemu ya jirani. Ukijifungia ndani ya kipande kimoja, usione kilicho nje, unabaki na kiasi fulani cha kutojua, na kiasi hicho ndicho entropia. Kuna kanuni, iliyothibitishwa na Elliott Lieb na Mary Beth Ruskai mwaka 1973, inayosema kwamba ukiwa na vipande viwili vinavyopandana, entropia zao mbili zikijumlishwa hazipungui entropia ya muungano wao ukiongeza entropia ya sehemu wanayoshirikiana. Inaonekana ni jambo dogo. Ujanja wa Casini na Huerta ulikuwa kuchukua vipande ambavyo kimoja kinakwenda kasi kumzidi mwenzake, kwa mujibu wa Einstein, ncha zake zikiwa kwenye njia ya mwanga. Ikitumika hapo, kanuni ya Lieb na Ruskai inageuka kuwa sheria juu ya jinsi entropia inavyokua kwa umbali, na ndani yake c inayopungua inajitokeza yenyewe. Mwaka 2012 wakafanya vivyo hivyo kwa duara badala ya kipande cha mstari, na F ikapata uthibitisho wake. Mwaka 2017 Casini, pamoja na Eduardo Testé na Gonzalo Torroba, akaifikisha mbinu hiyo dimensheni nne, na a ikathibitishwa kwa mara ya pili kwa njia isiyo na dilatoni. Mwaka 2024 Casini na Huerta walikuwa miongoni mwa wanne waliotunukiwa Medali ya Dirac na kituo cha fizikia cha Trieste, Italia, kile ambacho Abdus Salam alikianzisha mwaka 1964 akiwafikiria wanasayansi wa nchi kama yetu.

Kwa njia ya entropia inaonekana waziwazi kwa nini Efimov haguswi na haya yote. Vipande vyake haviwezi kuwekwa kwenye njia ya mwanga, kwa kuwa kwenye nadharia yake mwanga hauna mipaka ya kasi. Kanuni ya Lieb na Ruskai bado ni kweli kwa atomi zake, lakini haina pa kushika. Ukiondoa Einstein, uwezekano peke yake haufanyi mteremko. Ukiondoa uwezekano, Einstein peke yake naye hafanyi.

Juu ya dimensheni nne mambo ni magumu zaidi. Hesabu ya entropia, ambayo imeshafanya kazi kwa dimensheni mbili, tatu na nne kwa mtindo mmoja, hutoa ishara ya uhakika hadi nne tu. Tano na kuendelea inatoa masharti yasiyotosha. Dilatoni nayo, ukiipeleka kwenye dimensheni sita, inatoa namba ambayo haijifungi na uwezekano wowote ulio wazi. Kwa nadharia za dimensheni sita zenye ulinganifu wa ziada kati ya bosoni na fermioni, kushuka kumeonyeshwa kwenye mitiririko mingi. Kwa zisizo nao, uthibitisho wa jumla haujapatikana, na mtiririko wa dimensheni sita unaopanda kutoka nukta tuli moja hadi nyingine, bila uwezekano hasi, nao haujaonekana.